Kwa Skola, Kuhusu Mkono Wake

Kumsenga, Kibondo
1977

Mwanangu Skolastika,

Mama yako amelifungua tena sanduku lako kuangalia kama sabuni imo, na mimi nimemwacha. Habari za sabuni, za kutoazima kandambili za watu na za kwenda misa Jumapili ameshakuambia, na kesho atakuambia tena lori la kukupeleka chuo cha ualimu Kasulu likiwa linaunguruma. Kwa hayo sina la kuongeza. Mimi nimekaa hapa mezani kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni mkono wako wa kulia.

Usishtuke. Najua muda mrefu sasa. Umeuficha vizuri sana, lakini umemficha mtu aliyewahi kuificha shida hiyohiyo, na mwizi humtambua mwenzake hata gizani.

Unakumbuka mwenyekiti alipotangaza kwamba watu wazima wote wa kijiji waende darasani jioni, hata sisi tuliosoma hadi darasa la nne kwa mapadri? Wenzangu walinung'unika wiki nzima. Mimi nilikwenda bila ubishi, kwa sababu mwalimu aliyepangwa alikuwa wewe na nilitaka sababu ya kukaa na kukutazama. Nilikaa benchi la nyuma. Mama yako alikaa mbele kabisa na akina mama wenzake, na alikuwa anaogopa chaki kuliko anavyoogopa nyoka. Wewe ulianza kuandika juu kabisa ya ubao, a, e, i, kwa mwandiko mzuri. Ulipofika katikati ya mstari, herufi zikaanza kuteremka zenyewe. Ukageuka kutusemesha huku mkono umeuweka nyuma ya sketi, na mimi niliyekaa pembeni nikaona vidole vikifumba na kufumbua. Halafu ukasema, "Sasa mzee mmoja aje atumalizie." Wazee wakafurahi, wakasema binti huyu anajua kushirikisha watu. Mimi nilijua unapumzisha mkono.

Nilingoja uniambie. Juzi ndipo nilipokusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Chuoni wakiona siwezi kuandika ubaoni, watanirudisha. Heri nisiende." Mama yako akakukatalia kwa Kiha, "Oya, mwana wanje, utakwenda." Nawe ukakubali, lakini ukaongeza kwamba utavumilia na hutamwambia mtu yeyote. Ni hilo neno la mwisho lililoniumiza, maana najua linakokwenda.

Sasa nisikilize. Wewe ulikuwa mdogo, kwa hiyo unaikumbuka nusu tu ya habari yangu, tena nusu ile ya kuchekesha.

Kabla hatujahamia hapa kijijini, mimi na mjomba wako Lazaro tulikuwa na mizinga mingi porini, safari ya kutwa nzima kwa miguu. Mzinga wa gogo unaujua uzito wake. Mimi niliubeba kwenye bega la kulia, miaka yote bega lilelile, kwa sababu bega la kushoto halikuwa limezoea. Tukifika, mmoja anapanda mtini, mwingine anavuta kamba. Aliyepanda hukaa na mikono juu ya kichwa mpaka mzinga ufungwe vizuri kwenye tawi. Niliipenda kazi hiyo. Hata leo nikisikia harufu ya gome lililokatwa upya nakuwa kijana.

Ganzi ilianzia kwenye kidole kidogo na kile kinachofuata. Mwanzo niliamka usiku nikakuta vidole viwili si vyangu. Nikavitikisa vikarudi, nikalala. Baadaye ikawa mkono mzima kuanzia kwapani, pamoja na maumivu hapa juu ya mfupa wa mtulinga, na shingo nzito kama nimebebeshwa mtu. Nikiinua mkono kufunga mzinga, vidole vinalegea. Nikiushusha na kuukung'uta, vinaamka kwa sindano sindano. Bila shaka unalijua jambo hili kuliko ninavyoweza kuliandika.

Na hapo nikafanya upuuzi ambao ungefanywa na mrina asali tu. Sisi wazee wa mizinga tunaamini kwamba mwiba wa nyuki unaamsha kilicholala. Mzee akiumwa goti, anamweka nyuki gotini, na wengine huapa kwamba wamepona. Basi nikasema, kama goti linaamka, mkono utashindwaje? Nikaenda kwenye mzinga wa karibu, nikakamata nyuki mmoja mmoja, nikajichomesha kuanzia kiganjani hadi begani. Lazaro alinishikia mkono huku akigeuza uso kando. Nilirudi nyumbani na mkono mnene kuliko mguu. Ndiyo ile siku unayoikumbuka wewe, uliponicheka ukasema baba amevaa mkono wa mtu mwingine. Uvimbe ulipoisha, ganzi ilikuwa inaningoja palepale.

Upuuzi wa pili ulifuata. Nikafikiri kwamba kitu fulani ndani kimejikunja na kinataka kunyooshwa, kwa hiyo nikaanza kuning'inia kwenye tawi la mti nyuma ya nyumba kila asubuhi. Mkono wangu ulikuwa ukifa hata kabla sijahesabu pumzi chache, nami nikajilaumu kwamba ni uvivu, nikazidi kuning'inia. Sikujua kwamba nilikuwa naufanyia kile kilekile kilichouumiza. Siku moja vidole viliachia vyenyewe nikaanguka chali kwenye majivu ya jiko la mama yako, na nikamwambia nimeteleza.

Haya yote nilifanya kwa siri, maana mrina asali mwenye mkono mbovu nani atakwenda naye porini? Niliogopa Lazaro atatafuta mwenzake. Unaona jinsi mimi na wewe tulivyofanana mawazo?

Siri yangu ilikwisha mbele ya watu. Tulikuwa tunapandisha mzinga, Lazaro juu, mimi chini na kamba, na watoto wa jirani wamekuja kutazama. Mzinga ulipokaribia tawi, mkono ukafa. Sikuamua kuachia kamba. Niliiona tu ikikimbia kutoka kiganjani mwangu bila mimi kuisikia. Gogo likashuka likapiga mzizi likapasuka vipande viwili, hatua chache kutoka waliposimama wale watoto. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Lazaro alishuka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, umekuwa hivi tangu lini?" Nilipomwambia, hakukasirikia mzinga. Alikasirika kwamba nilikuwa nikivuta kamba aliyoitegemea huku nikijua mkono wangu haushiki. Alikuwa na haki.

Ndivyo nilivyopelekwa Kasulu hospitali, na mama yako akanisindikiza ili nisirudie njiani. Daktari alikuwa mtu wa Tanga, ameletwa na serikali, kijana mpole aliyeona baridi ya huku kwetu hata akavaa sweta mbili. Aliniuliza mambo mengi, halafu akasema, "Mzee, unalalaje?"

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikaona aibu. Mama yako akajibu kwa niaba yangu: "Analala mkono uko juu kule, kichwa kimeukalia. Kama mtu aliyeanguka vitani."

Ni kweli. Porini hatuna mto, tunalalia mkono. Unauinua, unauweka chini ya kichwa, unalala. Miaka mingi nililala hivyo kambini, na nikirudi nyumbani kwenye kitanda na mto wangu, mkono uliendelea kwenda juu wenyewe. Nawe, kwa taarifa yako, umelala hivyo tangu ukiwa mtoto, mkono juu kama unaomba ruhusa darasani. Tulikuwa tukikucheka. Sikujua kwamba nilikurithisha na hilo.

Daktari akaniambia niinue mikono yote miwili, viwiko nje, nifumbe na kufumbua viganja mpaka aseme basi. Mkono wa kushoto uliendelea. Wa kulia ulianguka kabla hajafungua mdomo. Kisha akanishika hapa penye mapigo, kwenye kifundo cha mkono, akauvuta mkono nyuma kidogo, akaniambia nigeuze uso na nivute pumzi niishikilie. Akamwita mama yako. "Mama, njoo ushike hapa. Unasikia?"

"Ego, nasikia. Yanapiga." Akasogeza kidole. "Sasa hayapo." Akanitazama usoni. "Baba Skola, umekufa?"

"Bado," nikasema.

Daktari alicheka mpaka akakaa. Halafu akatueleza. Akasema mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda mkononi inatoka shingoni na kupita katika njia nyembamba, chini ubavu wa kwanza, mbele mfupa wa mtulinga, na misuli ya shingo kando yake. Wengine wamezaliwa na njia nyembamba zaidi, hata wengine wana kijifupa cha ziada. Ukiongeza mzigo begani, mabega yaliyoinama, mikono kukaa juu na kulala vibaya, njia inazidi kubanwa. Mimi nikaelewa kwa namna yangu: mlango wa mzinga umekuwa mdogo, na nyuki wanasongamana.

"Basi nipe sindano," nikamwambia.

"Sina sindano ya hili. Dawa utaifanya mwenyewe nyumbani, kila siku."

Nilikasirika, Skola. Nimetoka Kumsenga, nimekaa juu ya magunia ya maharage, halafu naambiwa dawa iko nyumbani. Nilijibu kwa ukali. Yeye hakujali. Alivua sweta moja akanionyesha.

Uketi umenyooka, mkono wa kulia uuweke chini ya paja lako, kama unaukalia, ili bega lisipande. Kisha uinamishe kichwa taratibu upande wa kushoto mpaka usikie shingo inavutika kidogo. Kidogo. Ukae hapo, upumue, urudi. Halafu usimame mlangoni, mikono imeegemea miimo ya mlango, chini kuliko mabega, upeleke mwili mbele kidogo mpaka kifua kifunguke. Halafu uvute mabega nyuma na kuyashusha, bila kutunisha kifua kama mgambo siku ya gwaride, na kidevu ukirudishe ndani. Na upumue kwa tumbo. Mimi nilikuwa napumua kwa mabega, kila pumzi inainua bega, na hiyo nayo ilikuwa inabana.

Nilirudi nyumbani nikafanya kosa langu la tatu, na hili ndilo naogopa zaidi kwako kwa sababu wewe ni mtoto wa bidii. Nilinyoosha kama ninavyolima. Alisema kidogo, nikavuta kwa nguvu. Alisema nikisikia ganzi niache, nikasikia ganzi nikaendelea, nikidhani ndiyo dawa inaingia. Ilizidi. Mama yako ndiye aliyenigombeza: "Alikwambia uunyooshe, hakukwambia uung'oe." Nikapunguza. Ukisikia mkono unakufa au unachoma, umezidisha, rudi nyuma. Mwili huu haupendi kushindwa kwa nguvu, na mimi nilichelewa kukubali hilo.

Kulala kulikuwa kugumu kuliko yote. Mkono ulikuwa unapanda wenyewe usingizini. Mama yako akakunja kitenge kikuukuu, akakiweka kando yangu, mkono ukapumzika juu yake, nami chali na mto usio mrefu. Nikiupandisha usiku, anaushusha. Alinishusha mkono miezi mingi yule mwanamke, na hakuwahi kulalamika, ila asubuhi alikuwa akiniita mwanafunzi wake. Wewe huko bwenini hutakuwa na mtu wa kukushusha mkono, kwa hiyo jifunge khanga kiunoni, upitishe na juu ya mkono, isibane, ikukumbushe tu. Ukichoka kulala chali, lalia upande wa kushoto na ukumbatie mto au nguo zilizokunjwa, mkono wa kulia uwe juu yake. Usilalie wa kulia.

Kwa muda mrefu sikuona nafuu yoyote, na nilikuwa namsema vibaya yule kijana wa Tanga. Halafu asubuhi moja niliamka nikasikiliza, kama unavyosikiliza mvua ukadhani imekoma. Vidole vyote vilikuwepo. Nilikaa kitandani nikavifumba na kuvifumbua, nikalia, mama yako akadhani kuna msiba.

Sikupona kama mtu aliyeng'olewa jino, na sitakudanganya. Nikizembea, inarudi. Msimu wa kupanda maharage, nikiinama kutwa, inanibisha hodi. Lakini sasa nikiisikia najua inachotaka. Mizinga ningali nayo, unajua. Magogo tunayafunga kwenye baiskeli badala ya bega, Lazaro ndiye anayepanda, na kijana wake ndiye anayevuta. Mimi napuliza moshi na kutoa amri. Mwaka wa kwanza nilijiona nimekuwa mzee kabla ya wakati, nikanuna. Siku hizi naona natundika mizinga mingi kuliko zamani, maana siharibu.

Sasa kazi yako. Ubao wa darasa letu umetundikwa juu kwa sababu fundi alikuwa mrefu, basi, hakuna sheria nyingine. Chuoni simama karibu na ubao, andika pale kifua kilipo, na kama unataka kuandika juu, panda juu ya kitu. Andika kidogo, shusha mkono, waache wasome. Na ile ya kuwaita wazee waje kumalizia, usiione kama hila. Mama yako alijifunza kuandika jina lake siku ulipomwita yeye kwa sababu mkono wako umechoka. Angekaa mwaka mzima akikutazama wewe ukiandika.

Maji mtateka. Debe la kichwani ukilishika kwa mkono wa kulia kutoka mtoni hadi chuoni litakuumiza, kwa hiyo chukua ndoo ndogo na uende mara nyingi, wacheke wakitaka. Mkoba usiutundike bega moja. Na kesho kwenye lori ukae juu ya magunia. Ukisimama umeshika bomba la turubai, ukifika Makere hutakuwa na mkono, na Kasulu bado iko mbele.

Lakini mimi si daktari, na huenda lako si langu. Nenda hospitali Kasulu mapema uchunguzwe. Na mkono ukivimba ghafla, au ukibadilika rangi kuwa wa buluu, au vidole vikawa vyeupe na baridi, au ukaona nyama ya kiganja inapungua, usinyooshe kitu, usimtafute nyuki, nenda siku hiyohiyo.

Na uwaambie. Hili ndilo ombi langu lote. Wiki ya kwanza, kabla chaki haijaanguka mbele ya darasa, nenda kwa mkuu wa chuo umwambie: nina mkono unaokufa ganzi nikiuinua, baba yangu alikuwa nao, ninaujua unavyotunzwa. Nilifikiri Lazaro ataniacha akijua. Alichofanya ni kuchukua kamba. Siwezi kukuahidi kwamba mkuu wa chuo atakuwa kama Lazaro. Akisema urudi, utarudi, na mimi na mama yako tutakuwa kituoni, na tutatafuta njia nyingine bila kukulaumu hata siku moja. Ila sidhani atasema hivyo. Nimekuona ukifundisha. Nilikuwa benchi la nyuma, na ninajua nilichokiona.

Nakupenda, Skola. Naandika kwa sababu kesho, mbele ya lori na watu, nitakuambia tu uangalie sanduku.

Mama yako amekuja kusimama nyuma yangu. Ameisoma barua hii kuanzia pale palipoandikwa jina lako, kidole juu ya karatasi, kwa sauti ndogo, na alipofika kwenye kufa kwangu mbele ya daktari alicheka. Mengine ameniuliza, lakini si mengi. Sasa anataka kalamu. Nimemwambia aniambie cha kuandika nimwandikie, akakataa.

Baba yako.

SKOLA MWANANGU. ULALE CHALI. MKONO JUU YA KITENGE. NIMEANDIKA MIMI MAMA